Kabla ya Kutunga Sheria Mpya, Tuonyesheni Zile Mlizonazo

Wiki hii nilikuwa nimeahidi sehemu ya tatu ya mfululizo wangu kuhusu hifadhidata. Mnisamehe, itasubiri. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Februari, na nisipoliandika sitaweza kuandika kitu kingine. Leo naongea siasa, ila ni siasa ambayo mtu wa kompyuta anaweza kuiongea bila kuvaa fulana ya chama chochote.

Shangazi yangu ana saluni ya viti vitatu katika mji mmoja mdogo. Kaunti sitaitaja, kwa sababu hoja yangu inazihusu zote 47. Ameajiri wasichana wawili. Leseni ya biashara hulipa mapema kila mwaka, anaiweka kwenye fremu ya kioo, anaitundika juu ya kioo kikubwa ili kila anayeingia aione. Ni mtu wa utaratibu.

Februari walikuja kanjo. Wakaiangalia leseni, wakapima chumba kwa macho, wakamwambia, "Mama, umelipia daraja la chini. Nafasi yako ni kubwa, unatakiwa kulipia daraja la kati." Tofauti ilikuwa shilingi 5,000. Shangazi akauliza hayo yameandikwa wapi. Akajibiwa kwamba yako kwa Sheria ya Fedha ya kaunti. Akaomba aione. Hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho mkononi ni kufuli.

Akanipigia simu, kwa sababu katika ukoo wetu aliyesomea kompyuta ndiye hutengeneza printa, ndiye hurudisha picha zilizofutika kwa simu, na sasa ndiye wakili. "Wewe si unajua mambo ya intaneti? Nitafutie hiyo sheria." Nikamwambia, "Shangazi, nipe dakika kumi tu."

Dakika kumi zikawa wiki tano.

Tovuti ya kaunti ina ukurasa wenye kichwa "Sheria". Kiungo cha kwanza kilinipeleka kwa ukurasa usiokuwepo. Cha pili kilifungua faili la PDF ambalo ndani yake ni picha tupu: karatasi zilizopitishwa kwa skana, kurasa za majedwali zimelala ubavu, na huwezi kutafuta neno hata moja. Juu imeandikwa "Mswada". Kwa hivyo hayo ndiyo yaliyopendekezwa, na huwezi kujua kama ndiyo yaliyopitishwa. Kiungo cha tatu kilikuwa sheria ya mwaka uliotangulia. Kisha rafiki yangu mhasibu akanitumia nakala nyingine kwa WhatsApp, yenye alama za kalamu pembeni. Nikawa na nakala tatu, na kila moja ina ada yake kwa saluni ileile moja.

Ule mswada ndio uliniudhi zaidi. Daraja la chini lilielezwa kuwa la biashara yenye "wafanyakazi hadi 4 na/au eneo lisilozidi mita 50 za mraba". Wenzangu wa fani hii mmeshacheka. "Na" ni sharti moja na "au" ni sharti lingine. Saluni yenye watu watatu ndani ya chumba cha mita 60 inapita kwa "au" na inaanguka kwa "na". Programu yenye mstari kama huo ingekataa kukimbia. Sheria yenye mstari kama huo inakimbia vizuri tu, ila jibu linategemea nani amekuja mlangoni na ameamkaje siku hiyo.

Nikaandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la mwananchi. Kwa haki niseme kwamba nilijibiwa, tena siku ya 20. Nakala niliyopewa, ile iliyotangazwa kwenye gazeti rasmi, ilionyesha kwamba kamati ya bunge la kaunti ilikuwa imerekebisha jedwali kabla ya kulipitisha. Ilizipa saluni mstari wao wenyewe, kwa idadi ya wafanyakazi, bila kujali ukubwa wa chumba. Shangazi alikuwa amelipa sawasawa tangu mwanzo.

Lakini zile 5,000 alikuwa ameshazitoa siku ya tatu. Saluni ikifungwa Ijumaa na Jumamosi, wateja wanaenda kwa jirani, na wengine hawarudi. Pesa hazijarejeshwa. Ameambiwa suala lake litaangaliwa mwaka ujao.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hunielewa vibaya. Mimi sidai kwamba wale kanjo waliiba. Walimpa risiti. Waliamini kabisa wanachokisema, kwa sababu karatasi waliyopewa ofisini ilikuwa ya mswada. Kamati ilifanya kazi nzuri, gavana akatia sahihi, mchapaji akachapa, na bado mtu wa mwisho kwenye mnyororo alikuwa anaendesha toleo la zamani. Sisi tunaoandika programu tunalijua tatizo hili. Umerekebisha kasoro, lakini marekebisho hayajafika kwa seva inayohudumia watu. Kwa mteja, kasoro bado ipo.

Ndiyo maana pendekezo langu kwa waheshimiwa wa bunge la kaunti ni la kubadilisha mpangilio wa kazi yao. Punguzeni mbio za kuhesabu miswada mipya. Sheria ya kwanza kupitishwa iwe ile itakayowezesha mwananchi kuziona zilizopo: iliyo hai leo, kwa maandishi yanayotafutika, bure, mahali pamoja.

Najua inasikika kama jambo dogo. Hebu tuangalie Katiba ya 2010 inasema nini. Kifungu cha 185 kinalipa bunge la kaunti mamlaka ya kutunga sheria. Kifungu cha 199 kinasema sheria ya kaunti haianzi kutumika mpaka itangazwe kwenye gazeti rasmi. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Unganisha hivyo vinne upate maana yake: ada ni halali kwa sababu tu imeandikwa kwenye sheria, na sheria ni sheria kwa sababu tu imetangazwa. Asiyeweza kuiona hawezi kujua anachoombwa ni ada au ni kitu kingine. Anabaki na imani, na imani tunaiweka kwa Mungu. Kwa kanjo tunataka maandishi.

Mtu ataniambia, "Lakini sheria ya kutangaza ipo tayari." Ni kweli. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 25, inataka sheria iliyotiwa sahihi itangazwe ndani ya siku saba kwenye gazeti la kaunti na lile la Kenya. Shida ni kwamba kutangaza na kufikisha ni vitu viwili. Sheria ya Fedha ya kaunti huwa na kurasa nyingi za majedwali, na mwaka unaofuata inaweza kuja nyingine inayosema "futa kiasi hiki mstari wa 47, weka kiasi kile". Ili ujue saluni inalipa ngapi leo, inabidi ushike ya mwanzo, ushike zote zilizoirekebisha, ukae chini uzisuke pamoja mwenyewe. Ni kama nikuuzie programu kisha nikupe faili la kwanza na rundo la viraka, nikwambie uviunganishe usiku ukipata nafasi. Kwa sheria za kitaifa kuna Kenya Law, inayoziweka mtandaoni bure zikiwa zimeshaunganishwa na marekebisho yake, na unatafuta neno ukitaka. Ina sehemu ya sheria za kaunti pia, lakini haiwezi kuweka kile ambacho haijaletewa.

Kama bado unadhani hili ni suala la watu wa kompyuta, kumbuka Kiambu. Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 ilibatilishwa na Mahakama Kuu Aprili 2014, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Jaji George Odunga alikataa ushirikishaji wa kutimiza wajibu tu. Alitaka kaunti itumie kila njia iliyopo kuwafikia watu, kuanzia makanisa na misikiti hadi baraza na redio. Sheria nzima ikaanguka. Hesabu kazi iliyopotea ya kuandika mswada, kuujadili na kuupitisha. Bunge la kaunti linalopenda kazi yake idumu lina sababu ya kibinafsi kabisa ya kuhakikisha maandishi yanawafikia watu.

Kisha kumbuka Juni 2024. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha wa kitaifa kifungu kwa kifungu. Walitafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kwa video fupi, wengine wakatengeneza roboti ya mazungumzo unayoiuliza "mkate utapanda?" nayo inakujibu. Tunajua jinsi siku ya tarehe 25 ilivyoisha, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akatangaza hatautia sahihi. Nataka tutazame jambo moja la kiufundi katika habari hiyo nzito: yote yaliwezekana kwa sababu mswada ule ulipatikana mapema, kama maandishi, na yeyote mwenye simu aliweza kuupakua. Mswada wa Fedha wa kaunti, unaogusa kibanda, bodaboda, mahindi sokoni na maegesho, mara nyingi hauna bahati hiyo. Hauwezi kutafsiri picha iliyolala ubavu.

Basi kama ningekuwa karani wa bunge na kuulizwa orodha ya kazi za mwaka, ningeipanga hivi.

Ya kwanza ni Sheria ya Uchapishaji wa Sheria za Kaunti. Inaweza kuwa na kurasa tatu tu. Iseme kwamba kila sheria ya kaunti itawekwa mtandaoni ikiwa imeunganishwa na marekebisho yake yote, kwa maandishi yanayotafutika, ikiwa na tarehe ya toleo. Matoleo ya zamani yasifutwe, maana aliyeshtakiwa kwa kosa la mwaka jana anahitaji sheria ya mwaka jana. Nakala iliyochapishwa iwekwe katika kila ofisi ya wadi, kwa kuwa si kila mtu ana data. Na sentensi moja yenye meno: afisa anayedai ada lazima aweze kuonyesha kifungu kinachoiruhusu, na asipoweza, biashara haifungwi siku hiyo. Sentensi hiyo pekee ingemwokoa shangazi.

Ya pili ni umbo la Mswada wa Fedha. Jedwali la ada liwe na safu tatu: ada ya sasa, ada inayopendekezwa, na tofauti. Safu tatu tu! Leo unapewa jedwali la ada mpya bila za zamani, halafu unaitwa ukumbini utoe maoni. Utatoa maoni gani kama hujui nini kimepanda? Kwetu ni mwiko kumpa mwenzako msimbo aukague bila kumwonyesha mistari iliyobadilika. Jedwali hilo litolewe pia kama faili la CSV, ambalo hata kijana wa kidato cha nne analifungua na kulihesabu. Na maelezo yake yawe kwa Kiswahili pia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Mama mboga asihitaji mkalimani ili ajue ada ya soko.

Hapo hapo tuzungumzie wakati. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafikishwe bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Lakini Mswada wa Fedha una nafasi ya kupitishwa hadi siku 90 baada ya ule wa matumizi. Matumizi yakipitishwa mwisho wa Juni, ada zinaweza kujulikana mwisho wa Septemba, wakati mwaka wa fedha ulianza Julai mosi. Hiyo ni robo ya mwaka mtu anafanya biashara bila kujua. Siku 90 ni kikomo, si amri ya kuchelewa. Bunge la kaunti linaweza kujiwekea kwenye kanuni zake za kudumu kwamba miswada hii miwili inasomwa pamoja.

Ya tatu ni kufagia. Kaunti zetu zilirithi bailo za mabaraza ya miji na manispaa yaliyokuwepo kabla ya Machi 2013. Baadhi zilitungwa chini ya sheria ya serikali za mitaa ambayo yenyewe ilishafutwa. Nairobi, kwa mfano, ilirithi bailo za 2007 kuhusu kero za jumla na wachuuzi. Bunge la kitaifa lilishaonyesha njia: Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inasema kanuni zinazotungwa chini ya sheria za Bunge hujifuta zenyewe baada ya miaka 10 zisipohuishwa. Kaunti zifanye vivyo hivyo. Toa orodha ya kila bailo inayotumika. Weka tarehe. Ambayo haijapitishwa upya kufikia tarehe hiyo, ife. Tukisafisha msimbo wa zamani tunagundua vipande ambavyo hakuna anayekumbuka viliwekwa kwa nini, na siku mtu akivikanyaga vinalipuka. Bailo ya zamani ni hivyo hivyo, ila anayelipukiwa ni mchuuzi.

Ya nne ni rejista ya misamaha. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema sheria ikiruhusu kodi au ada ya leseni isamehewe, kila msamaha uwekwe kwenye kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu aarifiwe. Kila mara tunasikia kaunti imetangaza kusamehe riba za kodi ya ardhi. Vizuri. Nani alisamehewa, kiasi gani, kwa nini? Orodha hiyo ikae kando ya jedwali la ada.

Baada ya hizo nne, leteni miswada mipya mnayotaka.

Mambo haya si ndoto za mtu aliyekaa sana mbele ya tarakilishi. Kule Cape Town, bailo za jiji zimewekwa mtandaoni bure, zikiwa zimeunganishwa na marekebisho yake, kwa kazi ya wanaprogramu wa Afrika Kusini. Walitumia kiwango kinachoitwa Akoma Ntoso, namna ya kuandika sheria ili kompyuta itambue kifungu ni kipi, jedwali ni lipi na tarehe ni ipi. Jina hilo ni la Kiakan, lugha ya Afrika Magharibi, na maana yake ni mioyo iliyounganishwa. Kilizaliwa kwenye mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, na mwaka 2018 shirika la viwango la OASIS likakiidhinisha. Leo hata Uingereza inatoa sheria zake kwa mfumo huo. Kitu kilibuniwa kwa ajili ya mabunge yetu, Wazungu wanakitumia, sisi tunageuza karatasi ubavu kwa skana.

Na mkitaka mfano wa mbele zaidi, Baraza la Washington, D.C., linaweka sheria za jiji hilo kwenye GitHub. Mwaka 2018 mwanaprogramu mmoja aliona kosa dogo la uchapaji ndani ya sheria, akapendekeza sahihisho kwa njia ileile tunayotumia kusahihishana programu, na ofisi ya baraza ikalikubali. Hakugusa maana ya sheria, alisahihisha maandishi tu. Lakini fikiria raha ya kuishi mahali ambapo ukiona kosa kwenye sheria una mahali pa kulionyesha.

Najua pingamizi zinazokuja, kwa sababu nimeshazisikia mezani nyumbani.

Ya kwanza: "Watu hawana maji wala dawa, wewe unaleta mambo ya mafaili." Kazi ninayoomba haishindani na maji. Haihitaji jengo wala safari ya mafunzo ng'ambo. Ni karani, mwanaprogramu mmoja au wawili, na nidhamu. Na hata hayo maji yana ada zake. Mgao wa kaunti zote kutoka serikali kuu ulikuwa shilingi bilioni 190 mwaka wa fedha 2013/14, ukafika bilioni 415 mwaka 2025/26. Pesa hizo zina waangalizi wengi. Zile zinazotoka mfukoni mwa shangazi zinapita mbele ya watu wawili tu, yeye na anayemdai, na mmoja wao ana kufuli.

Ya pili: "Tumeshanunua mfumo wa malipo kwa simu." Nawapongeza, ila tuulizane, ada zilizo ndani ya mfumo huo zilitoka wapi? Mtu aliketi akazichapa kutoka kwenye karatasi. Najua kwa sababu na mimi nilijaribu. Nilipopata ile nakala halali niliichapa kwa mkono, mistari 612, nikitaka kutengeneza kikokotozi kidogo cha kuwasaidia wafanyabiashara. Nilikuta shughuli 9 zilizojirudia, jina lilelile, kiasi tofauti. Aliyechapa kwenye mfumo alichagua ipi? Kuweka sheria yenye utata ndani ya mfumo wa kisasa kunaufanya utata uende kwa kasi zaidi, na sasa unakuja na ujumbe wa simu unaoonekana rasmi. Sheria isafishwe kwanza, mfumo ufuate.

Ya tatu ndiyo ya kweli zaidi, nayo haisemwi hadharani: mwakilishi wadi hapati kura kwa kuunganisha marekebisho. Anapata kura kwa taa za barabarani, na kwa mswada wenye jina lake. Hapa sina jibu la kompyuta. Ninachoweza kusema ni kwamba shangazi ana majirani, hao majirani wana leseni, na kila mmoja ana hadithi ya kufuli. Mheshimiwa atakayesimama sokoni na kusema, "Kwa sababu yangu, kanjo hawezi kukufungia bila kukuonyesha kifungu," hatahitaji kugawa fulana.

Wakati nao hautungoji. Uchaguzi Mkuu ni Agosti 2027, na mswada ambao haujakamilika bunge linapofikia mwisho wa muhula huanguka, huanzwa upya na watu wapya ambao kwanza wanatafuta choo kiko wapi. Sheria ya kurasa tatu inaweza kupita kabla ya hapo ikitakiwa.

Na kuitaka si kazi ya waheshimiwa peke yao. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria yake. Mtu yeyote, si wakili. Kabla ya kaunti kuwepo, Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha tovuti ya Mzalendo kufuatilia Bunge la kitaifa, bila kungoja waalikwe. Kizazi chetu kina vifaa bora kuliko walivyokuwa navyo. Kinachotukwamisha ni kwamba tukimaliza kazi ya ofisi tunachoka, na sheria tunawaachia wanasheria.

Mimi nimeandika ombi langu, kurasa mbili, nikaliambatanisha na rasimu ya ile sheria ya kurasa tatu. Shangazi ametia sahihi wa kwanza. Wasichana wake wawili wakafuata, kisha fundi viatu wa mlango wa pili, kisha mwenye duka la dawa, kisha wateja wawili waliokuwa chini ya drai na karatasi mikononi. Jumatatu naupeleka mkono kwa mkono kwa karani wa bunge, na nitadai nakala yangu igongwe muhuri wa tarehe.

Kikokotozi hakijatoka bado. Sitakitoa mpaka nijue kwamba nambari zilizo ndani yake ndizo sheria, maana kikokotozi chenye nambari zisizo na uhakika kitakuwa kanjo mwingine, tofauti ni kwamba hakivai buti.

Sehemu ya tatu ya hifadhidata itakuja wiki ijayo. Hii si ahadi ya mwanasiasa.